Namba za Gitaa kwa Msomaji wa Sol-fa

Tulikuwa katika kijiji kimoja cha Iramba, mkoa wa Singida, mama mmoja alipotujia na daftari la shule lililofungwa ndani ya kanga. Mama huyu ni mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya yao tangu miaka mingi, wala hakupata kushika gitaa maisha yake yote. Daftari lilikuwa la mwanawe, mpiga gitaa wa vijana, naye amekwisha kufariki. Ndani yake mlikuwamo mistari sita sita, na juu ya mistari namba, ukurasa baada ya ukurasa. Juu ya ukurasa mmoja kijana alikuwa ameandika neno moja tu: Mama.

Akatuuliza, "Wanangu, hii ni hesabu ama ni wimbo?"

Tulimjibu kwamba ni wimbo, lakini tuliona haya, maana hata sisi hatukuweza kuusoma. Sisi tu watu wa sol-fa, kama walivyo wanakwaya wengi wa nchi hii. Twazijua d na r na m tangu utoto, na mtu akituwekea karatasi ya sol-fa twaimba papo hapo wimbo tusiopata kuusikia. Mbele ya namba hizi tulikuwa kama watoto wa darasa la kwanza. Basi yale tuliyojifunza kwa ajili ya daftari lile twayaandika hapa, kwa kuwa gitaa limeingia katika kwaya nyingi za vijana, na karatasi za namba zimeingia pamoja nalo.

Maandishi haya huitwa tabulatura. Si jambo jipya. Mwaka 1507 katika mji wa Venice, Italia, mpiga chapa Petrucci alitoa kitabu cha Francesco Spinacino kwa ajili ya kinanda cha nyuzi kiitwacho luti, nacho kiliandikwa kwa mistari sita na namba, kama daftari la yule kijana. Sol-fa yetu ni changa kuliko hiyo: ilianzishwa na Bibi Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, kisha John Curwen, aliyefariki mwaka 1880, akaitengeneza na kuieneza.

Tofauti kubwa ya maandishi haya mawili ni hii. Sol-fa hulieleza sikio ni sauti gani itoke. Tabulatura hulieleza dole mahali pa kukaa, wala haitaji jina la sauti. Ndiyo sababu mpiga gitaa asiyejua sol-fa huweza kuisoma, na mwimbaji hodari hushindwa.

Mistari sita ni nyuzi sita za gitaa. Shingo ya gitaa imekatishwa na vyuma vyembamba, na nafasi iliyo kati ya chuma na chuma twaweza kuiita chumba. Namba 0 maana yake uzi upigwe bila kubanwa. Namba 1, ubanwe katika chumba cha kwanza. Namba 3, katika chumba cha tatu. Kila chumba hupandisha sauti kwa nusu sauti, yaani kama mwendo wa kutoka m hadi f, au t hadi d. Vyumba 12 ni oktava nzima. Namba zifuatanazo hupigwa moja baada ya moja. Zilizosimama juu na chini yake hupigwa pamoja.

Hapa twakiri kosa letu. Tulidhani mstari wa juu ni uzi wa juu, yaani ule mnene ulio karibu na kidevu cha mpigaji. Tukamwazima kijana mmoja gitaa, tukampa maagizo yetu, naye akapiga kitu kisicho na kichwa wala mkia. Mama alisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mwanangu hakupiga hivyo." Alisema kweli. Mstari wa juu ni uzi mwembamba kuliko zote, ule ulio karibu na magoti. Anayetazama karatasi na ahesabu kwa unene wa nyuzi, asitazame nani yuko juu na nani yuko chini.

Sasa tufike penye faida ya mwimbaji. Gitaa likikazwa kama ilivyo desturi, nyuzi zake tangu mnene hadi mwembamba ni E, A, D, G, B, E. Tukifanya doh kuwa C, nyuzi hizo ni m, l, r, s, t, m. Mwimbaji akiyashika majina haya sita kwa moyo, ameshika ufunguo. Kazi iliyobaki ni kupanda nusu nusu. Uzi wa pili ni t; chumba cha kwanza ni d, cha tatu ni r. Uzi wa kwanza ni m. Chumba cha kwanza ni f, cha tatu ni s. Huu ndio mwanzo wa ukurasa wa mama:

1 ---------0--------------
2 1--1--3-----3--1--------
3 ------------------2--0--
4 ------------------------
5 ------------------------
6 ------------------------

Tukasoma: d d r m r d, kisha chini, l s. Mama akaimba kabla hatujamaliza kuandika.

Na pale namba zinaposimama pamoja msiogope. Tulikuta, tangu uzi wa tano hadi wa kwanza, 3, 2, 0, 1, 0. Soma: d, m, s, d, m. Ni doh, mi na so, ambazo kila kwaya huziimba kabla ya kuanza wimbo. Tulifurahi kama mtu akutanaye na jamaa yake katika soko la ugenini.

Lakini wimbo si lazima uwe na doh ya C. Ukiona fe inarudi-rudi mahali pa f, yaelekea doh ni G, nawe badili majina. Tena kama juu ya ukurasa imeandikwa kwamba shingo imebanwa kwa kibanio katika chumba fulani, hesabu vyumba tangu kibanio, nawe utasoma vilevile. Wimbo mzima umepanda tu.

Wengine watauliza, mbona wasiandike sauti yenyewe? Kwa sababu katika gitaa sauti moja ina makao mengi. Ile m ya uzi wa kwanza usiobanwa hupatikana pia katika uzi wa pili chumba cha 5, katika uzi wa tatu chumba cha 9, na katika uzi wa nne chumba cha 14. Namba huondoa shaka hiyo.

Upungufu wake mkubwa ni muda. Katika sol-fa yetu nukta mbili hugawanya mapigo, na kistari huonyesha sauti ya kuendelezwa. Tabulatura nyingi za mkono hazina alama hizo. Mwandishi huacha nafasi ndogo au kubwa, basi. Anayeiandika hudhani msomaji amekwisha kuusikia wimbo. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 akipiga "Masanga" kwa dole gumba na cha shahada tu. Yako maandishi ya namba ya wimbo huo, lakini asiyeusikiliza katika sahani hataupata mwendo wake kwa namba peke yake. Majirani zetu Wagogo hufundisha zeze kwa mtoto kukaa karibu, kutazama na kusikia, nasi hatuoni kwamba karatasi imekuja kuondoa desturi hiyo.

Kwa hiyo ukurasa wa mama ulitukwamisha mstari wa tatu. Sauti zote tulikuwa nazo, urefu wake hatukuwa nao. Kila mmoja wetu aliupima kwa namna yake, na kila namna ilikuwa wimbo mwingine. Ndipo binti mdogo wa nyumba ile, aliyekuwa akipepeta mtama mlangoni, akasema kaka yake alikuwa akiupiga jioni, naye huukumbuka kwa miguu. Akasimama, akaukanyaga. Tulihesabu nyayo zake, tukatia nukta mbili na vistari mahali pake, hata ukurasa ukaisha.

Kwaya yao huuimba sasa kwa sauti nne. Sauti ya pili aliitunga mama mwenyewe.