Nguzo, sola au waya wa jirani: hesabu ya umeme Nyakasimbi

Kama nguzo imeshafika jirani na nyumba yako na una shilingi 27,000, lipia umeme wa TANESCO kwanza, mengine yatafuata. Kama nguzo iko mbali na hakuna dalili ya mkandarasi, nunua sola ndogo kwa fedha taslimu, na usikubali kuingizwa kwenye mkopo wa seti kubwa. Wanaopita vijijini Karagwe na Kyerwa kuuza umeme wa aina yoyote hukutajia bei ya kuanzia tu. Gharama yenyewe hujitokeza baadaye.

Tuanze na gridi. Kijijini, ada ya kuunganishwa njia moja ni 27,000. Mjini, tangu Januari 2022, nyumba iliyo ndani ya mita 30 na isiyohitaji nguzo hulipiwa 320,960, yaani karibu mara kumi na mbili. Kwa hiyo wewe unayejenga pembezoni mwa Kayanga au Omurushaka, uliza kabla ya kulipa: eneo langu limeandikwa kijiji au mji? Mpaka huo huwezi kuuona kwa macho, ila mfuko wako utauona.

Malipo halali yana kontrol namba. Atakayekuja na daftari akidai hela ya nguzo, ya "kuharakisha" au ya mafuta ya gari, hela hiyo inaingia mfukoni mwake. Usiogope kudai bei ya kijijini kana kwamba unaomba hisani. Kila anayenunua LUKU nchini hukatwa asilimia 3 ya kuichangia REA, Wakala wa Nishati Vijijini, na wewe ukishaunganishwa utakatwa vilevile.

Hiyo 27,000 inakuletea waya na mita. Haiingii ndani ya nyumba, na ndani ndiko hela inakoishia. Kusuka nyaya kunataka nyaya zenyewe, swichi, soketi, sakiti breka, waya wa ethi na nondo yake, halafu fundi na mchoro wenye mhuri wa mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Fundi wa mtaani asiye na leseni atakufanyia kazi kwa bei nafuu, kisha utalipa mara ya pili kutafuta mtu wa kukugongea mhuri. Kubaliana na fundi bei moja inayojumuisha mchoro na mhuri, na muandikishane.

Vifaa nunua mwenyewe ukiwa na orodha ya fundi. Waya wa taa ni wa 1.5, wa soketi ni wa 2.5, ukiuziwa mwembamba zaidi utapata moto siku utakapochomeka pasi. Dukani omba kukwangua ncha ya waya kwa kisu. Shaba halisi ni nyekundu mpaka katikati. Ikitokea nyeupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba, rudisha. Mahali pa kubana matumizi ni idadi ya soketi na urembo wa swichi. Ethi na breka usiziguse.

Nyumba ya chumba kimoja au viwili haihitaji hata hayo yote. Uliza UMETA, umeme tayari: kisanduku kimoja chenye breka, soketi na sehemu za taa, kinafungwa ukutani bila kusuka nyumba nzima. Vibanda vingi vya kunyolea nywele na kuchaji simu vinatosheka nacho. Ukija kuongeza vyumba utasuka nyaya wakati huo, kahawa ikishalipwa.

Sasa LUKU. Hapa watu wanapoteza hela bila kujua. Mteja wa matumizi madogo, daraja la D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Mteja wa kawaida, T1, hulipa 292. Juu ya hapo kuna VAT ya asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1. Kwa hiyo shilingi 5,000 kwenye D1 inaleta kama uniti 41, na kwenye T1 inaleta 14. Nyumba zote mbili zina taa zilezile na redio ileile. Mita yako ikishawashwa, swali la kwanza kwa TANESCO ni hili: nimewekwa daraja gani?

Ukiwa D1, kuanzia uniti ya 76 ndani ya mwezi huo bei inaruka hadi 350 kabla ya makato, zaidi hata ya T1. Uniti 75 ni nyingi kwa nyumba ya kijijini. Friji dogo hula kama uniti moja kwa siku, na pasi ya wati 1,000 ikitumika nusu saa kila siku itakula 15 kwa mwezi. Hata jiko la presha la umeme linaingia humo. Sufuria ya maharage, hata tukiihesabia uniti nzima, ni shilingi 122. Linganisha na mkaa unaoteketeza kwa maharage hayohayo, na Karagwe hatuwezi kujifanya hatupiki maharage.

Ndiyo maana waya wa jirani ni biashara mbaya kwa wote wawili. Ukiacha kwamba hairuhusiwi na kwamba waya uliopita juu ya migomba unaweza kuua mtoto, nyumba mbili kwenye mita moja huweza kupita uniti 75 kabla mwezi haujaisha. Jirani anakudai kwa bei ya 350, wewe unadhani anakula cha juu, na urafiki unaishia hapo. Kwa 27,000 kila mtu na mita yake.

Kuna na kodi ya majengo, inayokatwa kupitia LUKU tangu Agosti 2021. Nyumba ya kawaida inayotozwa hukatwa 1,500 kwa mwezi, na ukikaa miezi mitatu bila kununua umeme, deni linakusubiri lote kwenye tokeni ya kwanza. Si kila nyumba ya kijijini inatakiwa kulipa, kwa hiyo muulize mtendaji wa kata, na ukikatwa isivyostahili lalamika mapema. Mpangaji naye akubaliane na mwenye nyumba kabla ya kuhamia. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo.

Kasoro ya gridi tunaijua: inakatika. Kagera kwa miaka mingi imetegemea umeme unaovuka kutoka Uganda, na ingawa sasa kuna mitambo ya mto Kagera kama Rusumo, megawati 80 zinazogawanywa kwa nchi tatu, na ule wa Murongo wa megawati 14, laini bado ni ndefu na radi za huku hazina huruma. Kifaa cha kulinda friji dhidi ya umeme mdogo na mkubwa ni bei ndogo kuliko kompresa. Radi ikianza, ng'oa plagi. Hiyo ni bure.

Je, sola? Sola haina nguzo ya kungojea, na kwa nyumba iliyo bondeni mbali na barabara ndiyo jibu. Lakini ipigie hesabu kwa betri, si kwa paneli. Paneli hudumu miaka mingi. Betri ndiyo inayokurudisha dukani.

Tuseme umeuziwa betri ya asidi, volti 12, Ah 100, kwa 300,000, na ukaitunza ikadumu miaka mitatu. Hiyo ni zaidi ya 8,300 kila mwezi kwa betri peke yake. Betri hiyo inabeba uniti 1.2, lakini ukiishusha chini ya nusu kila siku unaiua, hivyo unatumia 0.6 kwa siku, uniti 18 kwa mwezi. Kila uniti imekugharimu kama shilingi 460, paneli hujaihesabu. Kwa D1 ni 122.

Muuzaji pia hupenda kukupa betri kubwa na paneli ndogo, maana betri ndiyo inayovutia macho. Paneli ya wati 100 kwenye siku ya jua zuri itakupa kama wati-saa 400, na siku za mvua za masika utapata chini sana ya hapo. Ukiunganisha paneli ya wati 50 na betri ya Ah 100, betri haitajaa hata siku moja, na itakufa upesi. Ni afadhali paneli kubwa na betri ndogo.

Betri ya gari usiinunue kwa taa hata kama ni rahisi. Imetengenezwa kupiga stata, si kumaliza usiku. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria walioacha karabai wakahamia taa za betri wanalijua hili, kwa sababu wao humaliza betri usiku kucha ziwani na kuichaji tena ufukweni kila siku. Betri ya lithiamu ina bei ya juu lakini inavumilia kushushwa mara nyingi zaidi. Ukiipata yenye garanti ya maandishi ya miaka kadhaa, hiyo inafaa hela. Betri zinazovushwa mpakani Mutukula au Murongo huwa nafuu; shida ni kwamba ikiharibika, garanti yake iko ng'ambo.

Sola ya kulipa kidogo kidogo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Shilingi 1,000 kwa siku inasikika kama hela ya soda, lakini kwa miaka miwili ni 730,000, bila kianzio. Ukichelewa, mtambo unajifunga na giza linarudi. Mkulima wa kahawa hapati hela kila siku, anapata msimu. Nisingependa kusikia mtu ameuza kahawa ikiwa mtini kwa butura ili taa tatu na redio visizimwe. Kama mkataba hauna sehemu ya kulipa kwa msimu, achana nao, nunua taa ya sola ya mkononi yenye tundu la kuchajia simu, kisha ujikusanyie.

Taa hiyohiyo ndiyo ninayomshauri hata mwenye gridi awe nayo kwa siku za kukatika. Hahitaji zaidi ya hapo, labda awe na saluni.

Maombi ya umeme wa TANESCO hufanyika kwa simu kupitia mfumo wake wa NIKONEKT, hivyo huna sababu ya kulipa bodaboda kwenda kuulizia fomu. Andaa namba ya NIDA na mchoro uliogongwa mhuri, lipa kwa kontrol namba iliyokuja kwa jina lako, na risiti usiitupe hata mita ikishafungwa.