Kaanga kahawa yako kabla gunia halijaondoka



Tukipita katika vijiji vya kahawa kandokando ya Ziwa Kivu, tunapenda kuuliza swali moja: kahawa yako ina ladha gani? Wengi wanacheka. Mtu amelima kahawa maisha yake yote, baba yake pia alilima, lakini asubuhi nyumbani kwake ni chai, na siku akitaka kahawa ananunua ile ya unga dukani. Kahawa yake mwenyewe inaondoka ingali parche, na habari inayorudi ni bei tu. Mnunuzi akisema: "Loti hii ina kasoro, tunapunguza bei", nani atamjibu? Ni vigumu kubishana juu ya kitu ambacho hatujapata kukitia mdomoni.

Kuonja kunaanza na kukaanga. Mashine ya maabara ya kukaangia sampuli ni ya bei kali, lakini kazi inayofanya inaeleweka: moto, mwendo, na sikio la kusikiliza. Kule Marekani na Ulaya kuna watu wengi wanaokaanga kahawa yao nyumbani kwa kale kamashine ka umeme ka kutengenezea bisi, kanakopuliza hewa ya moto. Si mchezo wa watoto. Hindi la bisi linapasuka kwenye joto la digrii 180 hivi, kahawa inapasuka karibu na digrii 200. Basi chombo kinachoweza kupasua hindi kinakaribia sana joto ambalo kahawa inahitaji, na chenyewe kinageuzageuza mbegu ili zisiungue upande mmoja.

Kamashine hako kanakula umeme mwingi, wati 1,000 na zaidi. Panneau ndogo ya kuchajia simu haitakawezesha. Kama mko na umeme wa kweli au jenereta yenye nguvu, chagueni kale ambako hewa inatokea pembeni, kwenye matundu ya ukuta wa ndani. Kale kenye wavu chini ni hatari: maganda membamba yanaanguka juu ya waya wa moto na kuwaka. Msitie zaidi ya gramu 80 au 100 kwa mara moja, maana mbegu zikiwa nyingi hewa haina nguvu ya kuzigeuza.

Wasio na umeme wasivunjike moyo. Sufuria ya bisi yenye mkono wa kuzungusha juu ya kifuniko inafanya kazi vizuri sana juu ya mbabula, na kwa maoni yetu ndiyo inafaa zaidi kwa koperative ya kijijini. Ikikosekana, sufuria nzito na mwiko vinatosha, ila mkono utachoka. Jambo moja: sufuria iliyokaanga bisi ina mafuta na chumvi. Ioshwe kwa sabuni, ikaushwe, na tangu siku ile isipikiwe kitu kingine tena. Kahawa inavuta harufu haraka kuliko unga.

Namna ya kukaanga

Chukueni parche iliyokauka vizuri, ile ambayo ukiiuma jino haliingii. Itwangeni polepole kwenye kinu ili ganda litoke bila kuvunja mbegu, kisha pepeteni kwa lungo. Pimeni gramu 100 au 150 za mbegu safi. Msichambue sana mbegu za sampuli: mkiondoa zote mbaya, mtaonja kahawa ambayo haimo katika gunia.

Kazi hii ifanyike nje, maana moshi ni mwingi. Makala yawe yameshika yote, yasiwe yale yanayotoa moshi bado. Pasheni sufuria kwanza, mimineni kahawa, anzeni kuzungusha, na mtu mmoja aangalie saa ya simu. Kuzungusha hakusimami hata kidogo.

Dakika za kwanza mbegu zinatoka kijani na kuwa njano, harufu ni kama ya majani makavu. Baadaye inakuja harufu ya mkate, rangi inakuwa kahawia, na moshi mwepesi unaanza. Halafu mtasikia: ta! ta! ta-ta! Ni mlio wa vijiti vikavu vinavyovunjika, karibu sawa na bisi. Ni mvuke ndani ya mbegu unaotafuta njia ya kutokea. Kwa sufuria, mlio huo ukija kati ya dakika ya 7 na ya 10, moto wenu ni mzuri. Ukija dakika ya 4, moto ni mkali mno: nje itaungua na ndani itabaki mbichi. Ikipita dakika 15 bila mlio wowote, kahawa inaokwa tu, na ladha yake itakuwa bapa. Ile ya hewa ya moto inakwenda haraka zaidi, dakika 4 au 5 inatosha, msiogope.

Mlio ukianza kupungua, hesabuni dakika moja hivi, kisha toeni. Msingoje mlio wa pili, ule mdogo na wa haraka, unaofanana na chumvi iliyotupwa motoni. Wengi wanapenda kahawa nyeusi ti, na kwa kunywa nyumbani kila mtu na ulimi wake. Lakini kwa kuonja loti, weusi unaficha. Kahawa iliyoungua zote zina ladha moja, ile nzuri na ile mbaya.

Mimineni mara moja juu ya lungo, pepeeni mpaka ipoe ndani ya dakika 4 au 5, maana mbegu zinaendelea kujikaanga kwa joto lao zenyewe. Maganda membamba yataruka na upepo. Wekeni katika chombo chenye kifuniko mpaka kesho yake.

Sufuria inasema nini

Hapa ndipo tunataka mkae kidogo. Kabla hata ya kuonja, tandazeni mbegu zilizokaangwa kwenye sahani nyeupe. Mtaona nyingine zimebaki na rangi ya karanga wakati wenzake wamekuwa kahawia. Hizo zilichumwa zikiwa bado hazijaiva. Katika parche hazionekani kirahisi, katika mbegu mbichi pia zinajificha, lakini moto unazitaja. Zihesabuni. Mbili au tatu katika gramu 100 si neno. Zikiwa nyingi, hakuna haja ya kulaumu mnunuzi: mazungumzo ni ya sisi kwa sisi, kuhusu namna tunavyochuma, na kuhusu yule anayepokea matunda kituoni bila kuyatazama.

Kisha onjeni. Kila kikombe kipate vijiko viwili vya supu vya mbegu, ambavyo ni gramu 11 hivi, kwa maji ya mililita 200. Twangeni kahawa ya kila kikombe peke yake, na kinu kipanguswe kila mara. Kisiwe kile cha pilipili! Kwenye mwinuko wetu, mita 1,460 na zaidi, maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi, basi mnaweza kumimina karibu mara tu yakitoka motoni. Ngojeni dakika 4, vunjeni povu la juu kwa kijiko huku pua iko karibu, ondoeni povu, na mkianza kupata uvuguvugu mnywe kwa kuvuta kwa nguvu. Sauti ya kuvuta si adabu mbaya, hapa ndiyo kazi. Onjeni tena ikiwa karibu baridi, kwa sababu kasoro nyingi zinajitokeza pale.

Harufu ya siki, au ya tunda lililooza, inatoka katika kuchachusha kulikopita saa zake, au matunda yaliyolala ndani ya gunia. Ladha ya udongo au ukungu inasema kahawa ilianikwa chini au ilinyeshewa. Ladha ya moshi inasema parche ilihifadhiwa juu ya jiko.

Na kuna ile ambayo wanunuzi wanaita "patate": harufu ya kiazi kibichi kilichomenywa sasa hivi. Ni ugonjwa wa eneo letu la Maziwa Makuu, Kongo, Rwanda na Burundi, na umeharibu bei ya kahawa nzuri nyingi. Unahusishwa na mdudu antestia, yule mwenye umbo la ngao na madoa meupe na ya rangi ya chungwa, anayetoboa tunda na kunyonya. Mbegu moja tu inaharibu kikombe kizima, na kwa macho haionekani daima. Harufu yake inatoka zaidi wakati wa kutwanga, na ndiyo sababu kila kikombe kinatwangwa peke yake: mkitwanga zote pamoja, mbegu moja mbaya inaingia katika vikombe vyote na hamtajua kama ni moja au ishirini.

Tuseme wazi pia mpaka wa kipimo hiki. Kikombe kina mbegu 80 hivi, vikombe vitano ni 400. Gunia la kilo 60 lina zaidi ya 300,000. Vikombe vitano safi havihakikishi kwamba gunia ni safi. Lakini vikombe viwili vya kiazi kati ya vitano, hapo mko na tatizo kubwa, na dawa yake inaanzia shambani: kupogoa ili jua na upepo viingie ndani ya mti, maana antestia anapenda kichaka chenye giza, kuelea matunda katika maji na kutoa yanayopanda juu, na kuchambua parche ingali na unyevu.

Kwa wale wanaofikiria kuuza kahawa iliyokaangwa sokoni, hesabu inataka uangalifu. Kilo moja ya parche inatoa gramu 800 hivi za mbegu, na moto unaondoa tena kama gramu 120. Mkononi mnabaki na 680. Anayepanga bei ya paketi kwa kuangalia bei ya parche tu, bila makala, mfuko na zile gramu 320 zilizopotea, anauza kwa hasara huku akifurahi.

Kwa kila loti inayoondoka kwenda mjini, wekeni kilo moja ya parche katika depo, yenye karatasi ndani: tarehe, kituo, idadi ya mbegu zilizobaki rangi ya karanga, na vikombe vingapi vilikuwa na kiazi. Watu watatu walioonja waandike majina yao, na mama mmoja angalau awe kati yao, kwa kuwa kuchambua parche ni kazi ya wamama na wao ndio wanaojua kilichopita mikononi mwao. Siku mnunuzi analeta karatasi yake ya maabara, toeni na yenu, mkaange ile kilo iliyobaki mbele yake, na muonje pamoja naye.