Gari Lililoibwa Hukamatwa Sokoni

Mtu wa Bujumbura aliyeitunza Land Cruiser yake ya miaka ya tisini, akaiagizia vipuri halisi kutoka Dubai na kukataa iguswe na fundi yeyote asiyemjua, akiamka na kukuta ua mtupu hukimbilia polisi. Ndivyo ipasavyo. Lakini hatima ya gari lile haiamuliwi kituoni. Huamuliwa pale linapobadilisha mikono: kwa komisiyoneri anayelitafutia mteja, kwenye dirisha la ofisi inayotoa karti roze, yaani cheti cha usajili wa gari, mpakani linapotangazwa kwa forodha, au kwenye benchi la fundi anayenunua taa na vioo vyake bila kuuliza vimetoka wapi. Wizi wa magari ni biashara, na biashara haiishi bila mnunuzi. Kwa hiyo anayetaka kujua kwa nini gari moja hurudi kwa mwenyewe na jingine hupotea kabisa aanze kwa kulichunguza soko. Nikilitazama soko la Bujumbura kwa jicho hilo, naona mahali ambapo kununua gari la mtu mwingine bado ni rahisi kupita kiasi, na naamini hapo ndipo pesa na juhudi za kuzuia wizi zinapaswa kwenda kwanza.

Soko hili lina sura yake. Burundi huendesha upande wa kulia wa barabara, urithi wa Wabelgiji, lakini magari mengi yanayoingia siku hizi yana usukani wa kulia kwa kuwa yametoka Japani, yakashushwa Dar es Salaam na kuvuka mpaka wa Kobero. Probox, Vitz, Noah na RAV4 zimejaa mjini kwa njia hiyo. Rwanda, yenye kanuni ile ile ya barabara, ilizuia kwa miaka mingi uingizaji wa magari ya usukani wa kulia. Bujumbura iliyapokea, kwa sababu inayoeleweka, maana ni ya bei nafuu na vipuri vyake hupatikana. Matokeo yake ni soko linaloweza kupokea gari kutoka karibu popote duniani. La usukani wa kushoto kutoka Ulaya, Kanada au Ghuba linafaa. La usukani wa kulia kutoka Japani, Uingereza, Afrika Kusini au kwa majirani zetu wa Tanzania linafaa vilevile. Ongeza hapo uhaba wa fedha za kigeni. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga kutoka kama 2,100 hadi kama 2,800 kwa dola moja, na bado dola ya mtaani iliendelea kuwa ghali kuliko ya benki. Asiye na dola haagizi gari Japani, hivyo gari lililokwisha kuingia nchini lenye plaki za Burundi limekuwa akiba, hata likilala wiki nzima kwenye foleni ya mafuta. Kitu kinachohifadhi thamani kuliko noti huvutia wezi, na huwavutia pia wanunuzi wasiotaka kuuliza maswali mengi.

Kisa kinachoonyesha vizuri jinsi biashara hii inavyosafiri kilitokea kwa jirani. Mwaka 2015 Lexus RX 450h iliyoibwa magharibi mwa London ilifuatiliwa kwa kifaa cha satelaiti kilichofichwa ndani yake. Ilipita Ufaransa na Oman, ikashuka Mombasa, ikafika Kampala. Wachunguzi wa Uingereza na Uganda walipoifuata hawakukuta Lexus moja. Walikuta magari ya kifahari zaidi ya 20 yaliyoibwa Uingereza, yenye thamani iliyokadiriwa kuzidi pauni milioni 1, na uchunguzi huo ukaitwa Operesheni Titanium. Miaka minne baadaye, mwaka 2019, maofisa wa forodha wa Kenya walikamata Mombasa magari mengine ya kifahari yaliyoibwa Uingereza, yakiwa ndani ya kontena lililotangazwa kuwa na vyombo vya nyumbani vilivyotumika, na mwisho wa safari ukiwa Uganda. Njia hizi si za mwizi wa usiku mwenye waya mkononi. Zinahitaji mtu wa kutengeneza hati, wakala wa meli, wakala wa forodha na mteja anayesubiri. Gari likiwa ndani ya mlolongo huo halitofautiani na shehena nyingine yoyote, na litakamatwa tu ikiwa mmoja wa wanaolishughulikia atalazimika kulinganisha namba zake na orodha ya yaliyoibwa.

Hapo ndipo huja pingamizi la kwanza, nalo lina nguvu: kama kifaa kidogo cha satelaiti kiliweza kuifuata Lexus kutoka London hadi Kampala, kwa nini kila mwenye gari la thamani asifunge chake, akaachana na habari za karatasi? Wauzaji wa vifaa hivyo wana hoja, na mwenye uwezo afunge. Hata hivyo kifaa kile kiliwaambia wachunguzi gari liko wapi. Hakikuwaambia ni la nani, wala hakikumnyang'anya aliyekwisha kulilipia. Tena wezi waliobobea hubeba vizuia mawimbi, na gari likifungiwa ndani ya kontena la chuma huweza kunyamaza kwa wiki kadhaa. Zaidi ya hayo, nyuma ya Lexus ile kulikuwa na mfumo mzima wa bima. Nchini Uingereza kampuni ya bima ikishamlipa aliyeibiwa, gari lililopatikana huwa mali ya kampuni, na kampuni ina sababu ya kugharamia msako mbali na nyumbani. Bujumbura bima ya lazima ni ile ya kumlipa mtu wa tatu unayemgonga. Haimlipi mwenye gari senti moja likiibwa. Wachache hulipia ulinzi wa wizi. Kwa hiyo mwenye Land Cruiser yetu hana kampuni ya kumtafutia. Anachotaka si fidia bali gari lile lile alilolijenga upya kwa mikono yake, naye analitafuta peke yake.

Ulinganishaji wa namba, kwa upande mwingine, umeonyesha matunda mahali unapofanywa kwa mazoea. Kanada ilitikiswa na wizi wa magari kiasi kwamba Februari 2024 serikali iliitisha mkutano wa kitaifa Ottawa. Madai ya bima yaliyotokana na wizi huo mwaka 2023 yalifikia dola za Kanada bilioni 1.5. Mwezi huo huo polisi wa shirikisho waliunganisha kumbukumbu zao na hifadhidata ya magari yaliyoibwa ya Interpol, na katika miezi michache magari zaidi ya 1,500 ya Kanada yalitambuliwa katika nchi mbalimbali. Magari hayo yalikuwa yamekwisha kuibwa na kusafiri. Kilichobadilika ni kwamba ofisa wa bandari ya mbali sasa aliweza kuandika namba na kupata jibu. Kanda yetu haianzii sifuri. Burundi ni mwanachama wa Interpol na wa umoja wa wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki, EAPCCO, ulioundwa mwaka 1998, ambao sekretarieti yake iko Nairobi; mwaka 2013 operesheni iliyoitwa Usalama iliwaunganisha polisi wa Mashariki na Kusini mwa Afrika kukagua magari kwa pamoja. Udhaifu ni kwamba operesheni hudumu siku chache na baada yake soko hurudia desturi yake.

Kuna tatizo la kiufundi ambalo wafanyabiashara wanalijua kuliko wanasheria. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya Ulaya au Marekani lina namba ya herufi na tarakimu 17, inayolitambulisha lenyewe tu duniani. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani halina namba hiyo. Lina namba ya chesisi iliyo fupi, ya herufi za modeli, kistari na tarakimu. Ofisa aliyefunzwa kutafuta namba ya tarakimu 17 huweza kulipitisha gari la Japani kwa kuona mfumo hauna jibu, kumbe ameandika namba kwa mpangilio usio sahihi. Sehemu kubwa ya magari ya Bujumbura ni ya aina hii ya pili. Mafunzo ya kuandika namba ya chesisi jinsi ilivyo, pamoja na kistari chake, na kuilinganisha na cheti cha kusafirisha nje kutoka Japani, yangegharimu kidogo sana.

Swali gumu kuliko yote ni la sheria. Tanzania, Kenya na Uganda zilirithi kanuni ya Kiingereza: asiyemiliki hawezi kumpa mwingine umiliki, kwa hiyo aliyenunua gari la wizi, hata kwa moyo safi, kwa kawaida hulipoteza na kubaki kumdai aliyemuuzia. Sheria ya kiraia ya Burundi inatoka kwenye shina jingine, amri ya mwaka 1888 ya Kongo ya Leopold, na nyuma yake sheria ya Wafaransa ya mwaka 1804. Katika mapokeo hayo, anayeshika kitu kinachohamishika kwa nia njema huhesabiwa kuwa mwenyewe. Aliyeibiwa anaruhusiwa kukidai kwa miaka mitatu. Lakini ikiwa mshikaji alikinunua sokoni, kwenye mnada, au kwa mfanyabiashara wa vitu vya aina hiyo, mwenye mali hurudishiwa baada ya kumlipa mnunuzi bei aliyotoa. Mtu huweza kulazimika kulilipia mara ya pili gari lake mwenyewe. Wapo wanaosema kanuni hii inawalinda wezi na ifutwe. Sikubaliani nao. Inamlinda mama wa mtaa wa Kinama au Kamenge aliyeuza mifugo na kukopa ili anunue Probox ya teksi, naye hakuiba chochote. Kasoro yake ni kwamba inategemea nia njema bila kueleza nia njema inathibitishwaje. Hapo Ofisi ya Mapato ya Burundi, OBR, ambayo ndiyo husajili magari na kutoa karti roze, ina nafasi kubwa. Ikiwa kila mnunuzi angeweza kabla ya kulipa kupata kwa ada ndogo jibu la maandishi kwamba namba hii haijaripotiwa kuibwa Burundi wala kwenye orodha ya Interpol, basi mwenye jibu hilo angelindwa, na aliyeacha kuuliza asingeweza kudai hakujua. Kanuni ya zamani ingebaki jinsi ilivyo, ila bei ya kufumba macho ingepanda.

Pingamizi lililobaki ni la vipuri. Watu husema, kwa haki, kwamba magari mengi yanayoibwa mjini hayauzwi mazima. Huvuliwa vioo vya pembeni, taa, redio na magurudumu, na sehemu hizo hazina karti roze. Mara nyingi kidole huelekezwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wenye magereji na maduka ya vipuri yanayoutegemeza mji mzima. Kuishutumu Buyenzi kwa jumla ni dhuluma na pia ni uchumi mbovu. Bila mafundi wake, magari ya Bujumbura yasingeendelea kutembea katika miaka hii ya uhaba wa dola, na wengi wao wanachukia wizi kuliko mtu yeyote, kwa kuwa ndio wanaotuhumiwa kwanza. Wanachohitaji ni utaratibu wanaoweza kuufuata bila kupoteza wateja: daftari la manunuzi lenye jina la muuzaji na plaki ya gari kilikotoka kipuri, na namba ya chesisi ichorwe kwenye vioo na taa mara gari linapoingia nchini. Kioo chenye namba ya mtu mwingine hupungua bei, na mwizi husikia bei kuliko asikiavyo onyo.

Hatimaye wapo wanaohofu kwamba kila hatua mpya ya ukaguzi huleta dirisha jipya la kuombea hongo. Hofu hiyo imetokana na uzoefu, na haitajibiwa kwa ahadi. Itajibiwa kwa kuondoa mkono wa mtu katikati: mnunuzi aulize kwa simu yake mwenyewe, jibu lije na namba ya kumbukumbu, na ofisa wa karti roze asiwe na uwezo wa kulibadilisha. Gharama inaweza kubebwa kwa sehemu na kampuni za bima, kuanzia SOCABU, kongwe kati yake, kwa kuwa zikiweza kuthibitisha historia ya gari zitaweza pia kuuza ulinzi wa wizi kwa bei ambayo mwenye Carina TI au Land Cruiser ya zamani anaweza kuimudu. Kobero ndipo pa kuanzia, kwa sababu ndipo yanapovuka magari mengi na maofisa wa forodha wa nchi mbili tayari wanafanya kazi pamoja. Gatumba, kwenye barabara ya Uvira, ifuate mara moja, kwa kuwa gari lililoibwa mjini jioni linaweza kuwa Kongo kabla ya mwenyewe kuamka.