Kisiwa cha Guangzhou kilichoishi kwa foleni ya viza

GUANGZHOU, China

Mfanyabiashara wa Kariakoo, Eastleigh au Kampala akitua Guangzhou huelekea Xiaobei kutafuta chumba na chakula anachokijua. Kesho yake ni mbio: nguo Shisanhang, mabegi Sanyuanli, vitu vya kuchezea watoto barabara ya Yide. Wachache huvuka daraja kuingia Shamian, ingawa kutoka Shisanhang ni mwendo wa miguu. Hakuna mzigo wa jumla pale. Ni kisiwa kidogo kando ya Mto Pearl, chenye miti mikubwa na majengo ya kizungu yaliyobaki tangu Waingereza na Wafaransa walipopewa eneo hilo karne ya 19, baada ya kuishinda China vitani.

Lakini kwa miaka mingi maduka ya kisiwa hicho yaliendesha biashara ya aina yake. Wateja wao wakubwa walikuwa Wamarekani waliokuja kuasili watoto.

China ilianza kuruhusu wageni kuasili kwa utaratibu rasmi mwaka 1992. Sera ya mtoto mmoja ilikuwa imejaza watoto katika vituo vya kulelea, wengi wao wa kike. Mzazi alikabidhiwa mtoto katika mji mkuu wa mkoa alikotoka, lakini viza ya kumwingiza Marekani ilitolewa mahali pamoja tu nchi nzima: ubalozi mdogo wa Marekani mjini Guangzhou. Ubalozi huo ulikuwa Shamian, jirani na hoteli ya White Swan iliyofunguliwa mwaka 1983. Kwa hiyo hata aliyepewa mtoto mikoa ya kaskazini ilibidi ashuke huku kusini, mtoto apimwe afya, karatasi zikaguliwe, kisha wasubiri.

Anayeuza chai kwa madereva wa malori Malaba au Rusumo anaijua biashara hii. Inaishi kwa foleni.

Na mteja wa foleni ya Shamian alikuwa wa kipekee. Ana dola, hana kazi ya kufanya siku kadhaa, na ana mtoto aliyempokea juzi, ambaye hata saizi ya kiatu chake haijui vizuri. Wenye maduka walimsoma haraka. Walimwazima kigari cha kumsukumia mtoto bila malipo, akirudishe siku ya kuondoka. Walimfulia nguo kwa bei ya chini kuliko ya hoteli. Akija kuchukua nguo zake anakuta vigauni vya hariri vimetundikwa mlangoni, viatu vinavyolia kila hatua, lulu, vito vya jedi, na fundi wa mihuri ya mawe anayechonga jina la mtoto kwa Kichina wakati mzazi akisubiri.

Wapo wazazi walionunua vigauni vya saizi zinazopanda, kimoja kwa kila siku ya kuzaliwa mpaka binti awe mtu mzima. Muuzaji wa rejareja ataelewa maana yake: mteja mmoja, mtoto mmoja, furushi zima. Na soko la jumla liko ng'ambo ya daraja tu. Binafsi sioni wizi hapo. Mwenye duka alibeba kodi ya eneo, alijifunza Kiingereza, na aliuza kitu ambacho Shisanhang hawana muda nacho, yaani subira.

Hoteli nayo ilikuwa na utaratibu wake. Familia ziliwaketisha watoto kwenye kochi jekundu wakapiga picha, na wageni waliopokea watoto walipewa mdoli wa Barbie mwenye nywele za dhahabu, amebeba mtoto wa Kichina. Mdoli huyo hakuuzwa madukani.

Fedha haikuishia kwenye vigauni. Kila familia ilitoa mchango kwa kituo alikotoka mtoto, kwa miaka mingi dola 3,000 taslimu, tena noti mpya zisizokunjwa. Penye noti hizo na mtoto mmojammoja, madalali hawakosi. Mwaka 2006 mahakama mkoani Hunan iliwafunga watu waliokuwa wakiwauzia vituo watoto, pamoja na mkuu wa kituo kimoja.

Kilele kilikuwa mwaka 2005, Wamarekani walipoasili karibu watoto 7,900 kutoka China. Baada ya hapo China ikakaza masharti na idadi ikashuka. Ubalozi ulihamia eneo la Tianhe, na mwaka 2013 ukawa umeondoka Shamian kabisa. Hoteli ilifungwa kwa ukarabati, ikafunguliwa tena 2015. Kisha ikaja korona, na Septemba 2024 China ikatangaza kwamba wageni hawataasili tena, isipokuwa ndugu wa damu. Mamia ya familia za Kimarekani zilikuwa tayari zimepangiwa watoto. Zilikuwa na picha zao, zimewachagulia majina.

Kwetu milango hiyo imebanwa pia. Kenya ilisimamisha wageni kuasili Novemba 2014. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2016, inamtaka mgeni aishi nchini na kumlea mtoto kwa mwaka mmoja kwanza.

Ukitaka kupaona Shamian, panda treni ya chini ya ardhi mpaka kituo cha Huangsha, kisha vuka daraja. Utakuta maharusi wakipigwa picha chini ya miti, na migahawa ya kahawa. Utakuta pia, mara mojamoja, msichana wa Kichina anayezungumza Kiingereza cha Marekani, ameongozana na wazazi wa kizungu. Zaidi ya watoto 80,000 walipelekwa Marekani, na wengi wao sasa ni watu wazima. Baadhi wakitoka hapa huenda mpaka mji walikookotwa, wakabandika ukutani tangazo lenye picha ya utotoni, tarehe, na namba ya simu.