PUMU USIKU: UNAPOAMKA HUNA PUMZI

Katika toleo hili tunazungumza juu ya shida ambayo sisi wahudumu wa afya wa kijiji, wale mnaotuita VHT, tunaikuta katika nyumba nyingi hapa Nakivale, iwe Base Camp, Juru au Rubondo. Mtu analala vizuri, halafu katikati ya usiku anashtuka. Kifua kimebana, pumzi haitoshi, na nyumba nzima inaamka kwa hofu.

Wengi wanaona usiku wa namna hiyo ni jambo la kuvumilia mpaka kuche. Asubuhi wanajisikia nafuu, wanaenda shambani au kuchota maji, na habari imeisha. Sivyo. Ukiwa na pumu na inakuamsha usiku, kifua chako kinakupa taarifa kwamba ugonjwa haujadhibitiwa. Taarifa hiyo ijibu mchana, kituo cha afya kikiwa karibu na msaada upo, kabla shambulio kubwa halijakukuta gizani.

Pumu ni nini?

Pumu ni ugonjwa wa njia za hewa zilizo ndani ya mapafu. Njia hizo zimevimba kwa ndani na hukasirika haraka. Zikikutana na moshi, vumbi, baridi au mafua, misuli yake inakaza, makohozi yanaongezeka, na njia inakuwa nyembamba. Hewa ikipita hapo inatoa sauti kama filimbi. Pumu haiambukizi. Unaweza kula na kulala na mgonjwa bila woga.

Tusiidharau. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Vifo vingi hutokea katika nchi zenye kipato kidogo, ambako wengi hawapimwi wala hawapati dawa zinazofaa.

Kwa nini usiku?

Sababu ya kwanza ni mwili wenyewe. Usiku homoni zinazosaidia kutuliza uvimbe hupungua, na njia za hewa huwa nyembamba zaidi kuelekea saa kumi za alfajiri. Ndiyo maana wengi huamka saa hizo hizo.

Sababu ya pili ni mahali tunapolala. Nyumba zetu nyingi ni chumba kimoja au viwili, madirisha ni madogo, na wengine wanapika ndani. Moshi wa kuni wa jioni unabaki humo. Godoro na blanketi vina vumbi lenye wadudu wadogo wasioonekana kwa macho. Katika kiangazi, Juni hadi Agosti, vumbi la barabarani linazidi na usiku kunakuwa na baridi. Na ukila sana kisha ukalala papo hapo, tindikali ya tumbo inaweza kupanda na kuchokoza kifua.

Je, ni pumu au ni jinamizi?

Wapo wanaosema mgonjwa "amekabwa" usiku na jini au na mtu mbaya. Hatuwacheki wanaosema hivyo, kwa sababu hofu yao ni ya kweli. Lakini tazama dalili. Mwenye pumu anaweza kusogea, anakaa, anakohoa, na kifua kinalia. Mwenye jinamizi akili imeamka lakini mwili bado umelala. Hawezi kuinua hata mkono, anahisi uzito kifuani, kisha baada ya muda mfupi inapita yenyewe na kifua hakilii. Jinamizi huwapata zaidi watu wenye mawazo mengi na waliopitia vita. Huyo naye asinyamaze. Aende kwa washauri wa afya ya akili.

Kuna magonjwa mengine pia. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda, kinahitaji kupimwa kifua kikuu. Mtu anayevimba miguu na hawezi kulala bila kuinua kichwa juu sana apimwe moyo. Usijitibu kwa kukisia.

Shambulio likija usiku, fanya hivi

1. Kaa wima. Usilale. Inama mbele kidogo, mikono juu ya magoti. Legeza kitenge, mkanda au nguo yoyote inayobana.

2. Toka kwenye moshi. Zima moto. Ndugu na majirani wasijazane mlangoni.

3. Tumia pampu ya bluu, ile ya salbutamo. Kumbuka neno moja: nne. Bonyeza mara 4, moja moja. Kila ukibonyeza, vuta pumzi mara 4 kupitia chupa (tutaieleza chini). Kisha subiri dakika 4. Kama hupati nafuu, rudia mara 4 nyingine na uanze safari ya kituo cha afya. Njiani endelea hivyo hivyo.

4. Tuliza pumzi. Hofu inafanya mtu apumue mbio, na kupumua mbio kunachosha kifua. Vuta hewa taratibu kwa pua, itoe polepole kwa midomo iliyobana, kama unapuliza uji wa moto. Anayekusaidia ashike mkono wako na ahesabu pamoja nawe kwa sauti ya chini.

Kama huna pampu, usingoje. Nenda kituoni mara moja. Usifukize majani, usinywe pombe, usimeze vidonge vya jirani. Moshi wa dawa za kienyeji ni moshi kama mwingine.

Dalili za hatari: usingoje kuche

Mpeleke mgonjwa kituoni usiku huo huo ikiwa:
- hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja;
- midomo au kucha zinageuka kuwa za bluu au kijivu;
- ngozi katikati ya mbavu au chini ya shingo inaingia ndani akivuta pumzi;
- anasinzia au amechanganyikiwa;
- mtoto hawezi kunyonya au kunywa;
- kifua kilikuwa kinalia, sasa kimenyamaza, lakini bado anahangaika. Wengi hufikiri hii ni nafuu, kumbe hewa karibu haipiti tena.

Chupa inayosaidia pampu

Watu wengi hubonyeza pampu na dawa inabaki mdomoni na kooni. Ili ifike kwenye mapafu, tumia chupa safi ya plastiki ya maji ya nusu lita. Ioshe kwa sabuni na uiache ikauke yenyewe bila kuipangusa ndani. Toboa chini yake tundu linalolingana na mdomo wa pampu, na uzibe kwa gundi ya karatasi ili hewa isitoke pembeni. Tikisa pampu, ichomeke kwenye tundu, weka mdomo wako kwenye shingo ya chupa, bonyeza mara moja, na uvute pumzi taratibu. Inafaa wakubwa kwa watoto. VHT wa kijiji chako akuonyeshe mara ya kwanza.

Pampu nyingi zina dozi 200. Andika tarehe uliyoanza na uhesabu. Kuitikisa na kusikia kitu ndani si dalili kwamba dawa ipo, maana gesi inaweza kubaki dawa imeisha. Usiitumbukize ndani ya maji kuona kama inaelea.

Pampu ya bluu peke yake haitoshi

Pampu ya bluu inafungua njia kwa saa chache tu. Haiponyi uvimbe. Dawa inayotuliza uvimbe ni ile ya kuvuta kila siku, kwa mfano beklometazoni au budesonidi, hata siku unayojisikia mzima. Ukishaivuta, sukutua mdomo na uteme maji, usije ukapata utando mweupe mdomoni. Wengine wanaiogopa wakisema inazoesha kifua. Hapana, haimfanyi mtu kuwa mtumwa wa dawa. Anayemaliza makopo 3 au zaidi ya pampu ya bluu kwa mwaka ndiye aliye katika hatari ya mashambulio makali, na lazima amwone mganga.

Mwambie mganga kuwa una pumu kila unapopewa dawa nyingine. Aspirini, ibuprofeni na baadhi ya dawa za presha zinaweza kufunga kifua cha baadhi ya wagonjwa.

Andaa usiku wako mchana

Pika nje au chini ya kibanda chenye upepo, na utumie kuni kavu. Asivute mtu sigara ndani ya nyumba. Anika godoro na blanketi juani, na ukung'ute mbali na mgonjwa. Kuku na mbuzi wasilale chumba kimoja naye. Kula mapema.

Pampu na chupa zining'inie mahali pamoja karibu na kitanda, ambapo hata mtoto anaweza kuzipata gizani. Tochi au simu iwe na chaji. Kubaliana mapema na jirani mwenye pikipiki, na mjue namba yake. Mama mmoja wa Rubondo amemfundisha binti yake wa miaka tisa mambo mawili tu: kuleta chupa na kugonga mlango wa jirani. Huo ni mpango mzuri, na hauna gharama.

Mwisho, jiulize leo: mwezi huu nimeamshwa mara ngapi na kifua? Kama jibu ni hata mara moja, njoo kituoni au mwite VHT wako. Msomee habari hii na jirani asiyejua kusoma. Kinga ni bora kuliko tiba.