Msichana asiyejua njia ya Masanga

Mwaka ukigawanyika kwa mbili, Tarime nzima inajua maana yake. Ikikaribia Desemba wazee wa mila hukutana, kila ukoo ukapangiwa siku zake, ngariba wakaitwa, ulezi wa pombe ukaanza kusagwa. Msichana aliyefundishwa shuleni kwamba ukeketaji ni kosa anaziona dalili mapema: shangazi wanakuja mara kwa mara, kuna kanga mpya imefichwa, na mama hataki kumtazama usoni. Hapo anatafuta nafasi. Akiipata, anakimbilia kwa mwalimu, polisi, au moja kwa moja hadi kituo cha Masanga, ambako shirika la ATFGM huwapokea wasichana kila msimu. Wenzake wa wilaya ya Serengeti wana Nyumba Salama ya Mugumu.

Utaratibu huo umewaokoa wengi, na wanaouendesha wamefanya kazi kubwa huku wakitukanwa na majirani zao wenyewe. Sina neno la kuwalaumu. Ila kila hatua yake imewekwa mabegani mwa msichana. Atambue kinachokuja, akikatae moyoni, aijue njia, avuke vichaka usiku, kisha amweleze askari wa zamu amekimbia nini.

Sasa mfikirie binti mwingine wa boma hilohilo. Ana miaka 16, anahesabu mpaka tano, na wageni wakija ndiye wa kwanza kuwapokea mizigo. Akipewa kanga mpya anaivaa palepale na kuzunguka nayo uani. Siku akiambiwa twende, atakwenda, tena kwa furaha, kwa sababu anayemwita ni shangazi. Amezaliwa na ulemavu wa akili. Hakuna atakayemkuta Masanga, na hakuna atakayegundua kwamba hakufika.

Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana, ambayo wengi wanaijua kwa jina la SOSPA, iliingiza kifungu cha 169A kwenye Kanuni ya Adhabu. Mwenye kumlea au kumtunza msichana wa chini ya miaka 18 akisababisha akeketwe anakabiliwa na kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Tuiache hiyo faini ambayo haifiki bei ya ng'ombe mmoja. Kinachonisumbua zaidi ni umri. Akishatimiza miaka 18, kifungu hicho hakimtaji tena. Mwanamke wa miaka 20 ambaye hajawahi kuelezwa kwa lugha anayoielewa atakatwa nini na kwa nini, anachukuliwa kuwa ameridhia kwa sababu tu hakupiga kelele. Na nje ya sheria kuna shinikizo linalowaelemea hata wanawake wenye akili pevu. Anayeitwa msagane, yaani asiyekeketwa, hutengwa katika mambo mengi ya nyumbani, na familia yenye binti ambaye tayari anachekwa haitaki achekwe mara mbili.

Watu wengi bado wanachanganya ulemavu huu na ugonjwa wa akili. Ugonjwa huweza kumpata mtu yeyote, ukatibiwa na kutulia. Mwenye ulemavu wa akili hujifunza polepole na huhitaji msaada tangu utotoni. Wengine ubongo wao ulikosa hewa mama alipokaa na uchungu siku mbili kabla ya kufika zahanati. Kwa wengine chanzo ni manjano makali ya siku za kwanza, homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Wengine wamezaliwa na sindromu ya Down, yaani kromosomu ya 21 imezidi moja. Na kwa kuwa tuko mkoa wa dhahabu, lisemwe na hili: zebaki wanayotumia wachimbaji wadogo kukamatia dhahabu huweza kumdhuru mtoto akiwa bado tumboni. Katika orodha hiyo yote hakuna laana ya bibi wala kosa la mama.

Kujifunza polepole ni kujifunza. Katika vitengo vya elimu maalumu vilivyo ndani ya shule zetu za msingi, kufunga kifungo cha shati kunaweza kuwa somo la wiki tatu. Mwalimu anaanza na kifungo kikubwa na tundu pana, anaushika mkono wa mtoto, kesho anaushika kidogo, keshokutwa anauachia. Baadaye zinakuja sarafu: hii ya mia, hii ya mia mbili, nenda kwa mama muuza maandazi urudi na chenji. Kwa mwendo huohuo mtoto anaweza kufundishwa kwa picha sehemu za mwili ambazo hakuna mtu anayeruhusiwa kuzigusa. Anafundishwa kusema hapana kwa sauti, hata kwa shangazi, na kumjua mtu mmoja wa kumkimbilia, ambaye nyumba yake anaiona kutoka mlangoni kwao. Masanga iko mbali, lakini nyumba ya mwalimu jirani anaweza kuifikia.

Tatizo ni kufika darasani. Ada imefutwa, lakini umbali uko palepale. Shule yenye kitengo inaweza kuwa kata ya tatu kutoka nyumbani, na mtoto huyu hawezi kuachwa atembee peke yake. Mama wa vilima vya huku anayelima mihogo na mahindi akimsindikiza asubuhi na kumfuata mchana, siku imekwisha na jembe halijagusa ardhi. Ndiyo maana utakuta mlango umefungwa kwa nje na mtoto yumo ndani. Kabla hatujamwita mama huyo katili, tumuulize ni nani katika kijiji kizima aliwahi kujitolea kukaa na mwanawe walau asubuhi moja.

Ukatili mwingine unaomfuata binti huyu ni kubakwa, na hapo ndipo sisi watu wazima tunapomwangusha vibaya zaidi. Habari ikivuma, familia mbili zinakutana, ng'ombe wanatajwa na jambo linamalizwa nyumbani. Likifika polisi, huenda likazimwa kwa sentensi moja kwamba huyu hawezi kueleza. Sheria ya Ushahidi haisemi hivyo. Kila mtu anahesabiwa kuwa anaweza kutoa ushahidi, isipokuwa mahakama yenyewe ione hawezi kuelewa maswali au kuyajibu kwa akili. SOSPA nayo iliongeza kwamba katika makosa ya kujamiiana ushahidi wa mwathirika peke yake unaweza kumtia mtu hatiani, hakimu akiridhika kwamba anasema kweli na akaandika sababu. Uamuzi huo ni wa hakimu. Askari wa kaunta hana mamlaka nao, wazee wa ritongo, lile baraza la kimila, hawana, wala baba aliyekwisha kupokea ng'ombe.

Serengeti kuna jambo ambalo Tarime ingeweza kulichukua bila kusubiri bajeti. Shirika la Hope for Girls and Women, linaloongozwa na Rhobi Samwelly, lina watu wa kujitolea vijijini wenye simu janja wanaotoa taarifa msichana akiwa hatarini. Mradi wa Crowd2Map, ulioanza 2015, umechora vijiji na njia ambazo hazikuwa kwenye ramani yoyote, ili waokoaji wafike hata usiku. Hapo msaada ndio unaomfuata msichana alipo. Kwa binti ninayemzungumzia, hakuna njia nyingine.

Atakayejua alipo ni kijiji. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, iliyotungwa mwaka mmoja baada ya Tanzania kuridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu hao, iliagiza kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Ulizia kamati ya kijiji chako, halafu ulizia nani humo anawasemea wenye ulemavu wa akili. Zanzibar wana jumuiya yao, ZAPDD, tangu 1999, na kwa miaka mingi wazazi wamekuwa nguzo ya kazi zake, wakidai watoto wao wasome skuli ileile na wenzao. Mzazi wa Nyamwaga au Sirari bado anapambana peke yake.

Mwaka 2026 unagawanyika kwa mbili. Mtendaji wa kijiji, afisa ustawi wa jamii, mwalimu mkuu na wenyeviti wa vitongoji wanaweza kukaa asubuhi moja na kuandika kila binti mwenye ulemavu wa akili, awe na miaka 9 au 29, na kwa kila jina wamtaje mtu atakayekwenda nyumbani kwake kila wiki kuanzia Novemba. Orodha hiyo ikae kwa afisa ustawi, isisambazwe kwenye makundi ya WhatsApp. Wazee wa mila waitwe waelezwe mbele ya polisi wa dawati la jinsia kwamba nyumba hizo zinaangaliwa. Wazazi nao wawe kwenye kikao hicho, wakilipwa nauli kama wajumbe wengine, na mabinti wenyewe waingie ndani waulizwe ni nani katika kitongoji chao wanayempenda na kumwamini.