Kompyuta si timu ya mpira

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya ubishi uliotapakaa siku hizi maofisini, vyuoni na katika makundi ya simu. Ni ubishi wa mifumo ya kompyuta. Huyu ni wa Windows, yule ni wa Mac, na mwingine, aghalabu kijana aliyetoka chuoni juzi, ni wa Linux. Wanarushiana maneno kama mashabiki wa Simba na Yanga. Wa Mac huambiwa anaringia fedha, wa Linux huambiwa anajifanya mtaalamu, na wa Windows huambiwa ni mfuata mkumbo.

Ubishi huu ungekuwa wa kupitisha muda tu kama nyuma yake kusingekuwa na jambo zito. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015. Aliyetaka kuendelea kupata marekebisho ya usalama alitakiwa ajiandikishe katika huduma ya ziada, ambayo kwa watu binafsi ilipangwa kwisha Oktoba 2026. Mrithi wake, Windows 11, inadai mashine yenye kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa iliyomo katika orodha maalumu. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazimo katika orodha hiyo.

Sasa tujiulize, ndugu wasomaji: je, kompyuta za shule zetu na za maduka ya kuchapa barua na kutoa fotokopi ni mpya kiasi hicho? Nyingi ziliingia nchini zikiwa mtumba. Skrini nzima, kibodi nzima, kazi zinafanya. Lakini kwa mtengenezaji wa mfumo, zimeshazeeka.

Watakuwapo wa kusema, "Mbona yangu inawaka kama jana?" Ni kweli inawaka. Lakini nyumba yenye tundu ukutani nayo husimama, mpaka siku mwizi atakapoliona tundu. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa rekebisho la kuziba tundu moja katika Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo kirusi kiitwacho WannaCry kilipita katika tundu hilo hilo, kikafunga mafaili ya watu na kudai fedha ili yafunguliwe. Nchi zaidi ya 150 ziliguswa. Huko Uingereza hospitali zilifuta miadi ya wagonjwa. Walioumia hasa ni wale ambao dawa ilikuwa imekwisha kutolewa, ila mashine zao hazikuwa zimeipata.

Hapa kwetu watu hawapati dawa hiyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni bando. Mwenye duka akiona kompyuta inashusha marekebisho na bando linakwisha kabla ya saa sita mchana, huyazima kabisa. Simlaumu, maana fedha ni yake. Ya pili ni nakala za wizi. Fundi huja na flashi mfukoni, huweka Windows isiyo na leseni, na ili ikubali kufanya kazi huzima kinga ya kompyuta. Mteja hufurahi kwamba amelipa kidogo, kumbe amekabidhi funguo za nyumba kwa mtu asiyemjua.

Ndipo nafika kwa hao wa Linux. Mfumo huu ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki, Finland. Leseni yake inaruhusu mtu kuutumia, kuunakili na kuubadili bila kuomba ruhusa kwa mtu. Wanaoucheka wengi wao wameushika mkononi, maana simu za Android zimejengwa juu ya kiini cha Linux. Yapo matoleo yake mepesi ambayo mashine ya zamani huyabeba bila kuhema, na marekebisho yake hayalipiwi leseni.

Hata hivyo, tusiufanye mungu. Zipo programu za hesabu na za usanifu ambazo hazikutengenezewa Linux. Zipo printa zinazosumbua. Na fundi wa mtaani anayeufahamu vizuri si rahisi kumpata. Kwa upande wa Mac, mashine zake ni imara lakini bei yake wengi hatuiwezi, na Apple nayo huziacha za zamani njiani. Mwaka 2025 ilitangaza kwamba macOS Tahoe ndilo toleo la mwisho kwa Mac zenye prosesa za Intel. Kwa hiyo hakuna kambi isiyo na kasoro yake.

Jambo jingine ni lugha. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kuitafsiri programu ya ofisi kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu programu yenyewe ilikuwa huria, mtu yeyote aliruhusiwa kuigusa. Baadaye Microsoft nayo ilitoa Windows ya Kiswahili. Tunabishana usiku kucha kuhusu jina la mfumo, lakini ni wachache wanaouliza kama mtoto anayeanza kujifunza anaelewa maneno yaliyo mbele yake.

Nashauri hivi. Kila shule na ofisi ihesabu kompyuta zake na kuandika umri na mfumo wa kila moja. Zinazoweza kupokea Windows 11 zipewe, kwa leseni halali. Zisizoweza, ichukuliwe moja kwanza, mafaili yahifadhiwe pembeni, iwekewe Linux pamoja na LibreOffice, kisha printa na kazi za kila siku zijaribiwe kwa wiki kadhaa. Ikifaa, nyingine zifuate. Ile ambayo lazima ibaki na mfumo wa zamani kwa ajili ya programu fulani, itolewe kwenye intaneti. Na wanaonunua kompyuta mpya wasiulize bei peke yake. Waulize pia zitapata marekebisho ya usalama kwa miaka mingapi.

Vyuo vya kompyuta navyo vifundishe kazi, si vitufe. Aliyefundishwa namna ya kupanga barua au kujumlisha mahesabu ataifanya kazi hiyo katika mfumo wowote. Aliyekaririshwa kwamba kitufe kiko kona ya kushoto atapotea siku kitakapohamishwa.

Mashabiki waendelee kutaniana, utani haukatazwi. Lakini matokeo ya mitihani, madeni ya wateja na barua za wananchi zimo ndani ya mashine hizo. Kirusi kikiingia, hakitauliza mwenye kompyuta alikuwa akishabikia kambi gani.

Msomaji wako,
Morogoro.